Kura Ihesabiwe Mbele ya Mwenye Kura



Mama mkulima wa chai wa Nyansiongo au Kebirigo hadanganyiki juu ya mizani. Huchuma majani tangu umande haujakauka, akayabeba mgongoni hadi kituo cha kununulia, akasimama kwenye foleni pamoja na jirani zake. Zamu yake ikifika, karani huyatundika majani kwenye mizani mbele ya macho yake, akasoma kilo, akaandika, akampa risiti. Lori halijaondoka, naye tayari anajua alichouza. Hebu karani athubutu kumwambia, "Acha gunia lako hapa, nenda nyumbani ukalale, tutapima usiku kiwandani na kukupa habari kesho kutwa." Kelele zitakazozuka hapo zitasikika mpaka Keroka.

Mama huyo huyo, siku ya kura ya mchujo ya chama chake, hukabidhi kitu chenye thamani kuliko magunia ya mwaka mzima, kisha huambiwa aende nyumbani akalale. Sanduku hupakiwa garini. Haijulikani limepitia wapi wala nani alilala nalo. Kesho kutwa redio hutangaza jina, na mama hutakiwa kupiga vigelegele. Hana risiti. Wakala wake hana karatasi yoyote iliyotiwa sahihi. Akiuliza, huambiwa anavunja umoja wa chama.

Sisi tunasema: atakayekataa kupimiwa majani gizani, na akatae kuhesabiwa kura gizani. Tunalisema hili kwa vyama vyote, vile vya serikali na vile vya upinzani, vile tunavyovipenda na vile tusivyovipenda. Hasa tunalisema juu ya mchujo wa kiti cha urais, kwa maana mwenye kuiba huko juu huwa amewafundisha wote walio chini yake.

Tulikotoka

Wazee miongoni mwetu wanaukumbuka mlolongo. KANU iliupitisha mwaka 1986, na tarehe 22 Februari 1988 wananchi walipangwa nyuma ya wagombea kama ng'ombe wanaosubiri josho. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa kuwa amekwisha kuingia Bungeni bila kupingwa. Watetezi wa utaratibu huo walisema hauwezi kuibiwa, kwa kuwa kila mtu anauona mlolongo kwa macho yake. Ikawa kinyume. Watu waliona mlolongo mrefu na mlolongo mfupi, kisha wakamsikia msimamizi akitangaza kwamba ule mfupi ndio mrefu. Na kwa kuwa hapakuwa na karatasi, hapakuwa na kitu cha kuhesabu upya. Mlolongo ulipotawanyika, ushahidi ulikwenda nyumbani na miguu yake.

Wakati huo makanisa hayakunyamaza. Baraza la Kitaifa la Makanisa lilipinga mlolongo tangu mwaka ule wa 1986. Maaskofu Alexander Muge, Henry Okullu na David Gitari waliukemea waziwazi. Jarida la baraza hilo, Beyond, lilipoandika habari za wizi wa kura za 1988, lilipigwa marufuku mwezi wa Machi mwaka huo huo, na mhariri wake, Bedan Mbugua, akafungwa jela. Mwezi wa Desemba 1988, baada ya uchaguzi wa matawi ya KANU kuchezewa, Kenneth Matiba alijiuzulu uwaziri. Tuweke jambo hili akilini: kilichomtoa Matiba serikalini kilikuwa hesabu ya kura ndani ya chama, wala hakikuwa uchaguzi mkuu wa taifa. Miaka miwili baadaye alikuwa akidai vyama vingi hadharani, na serikali ikamtia kizuizini.

Basi asije mtu akatuambia leo kwamba mchujo ni mambo ya ndani ya nyumba yasiyowahusu wananchi. Mageuzi ya nchi hii yalizaliwa humo ndani ya nyumba.

Jeraha la FORD

Kifungu cha 2A cha Katiba kilifutwa Desemba 1991, na vyama vingi vikarudi. FORD ilikuwa na watu wengi kiasi ambacho KANU iliiogopa. Ilivunjikia wapi? Watu wengi husema ilivunjwa na ukabila na tamaa. Ni kweli kwamba vyote viwili vilikuwapo. Lakini mahali penyewe ulipopita ufa palikuwa swali moja la utaratibu: nani atapiga kura ya kumchagua mgombea urais, na kura hizo zitahesabiwaje? Kundi la Agip House, la Jaramogi Oginga Odinga, lilitaka wajumbe wakutane na kuchagua. Kundi la Muthithi House, la Matiba na Martin Shikuku, lilitaka kila mwanachama apige kura. Kila kundi lilihofu kwamba lenzake ndilo litakaloshika kalamu ya hesabu. Kufikia Oktoba 1992 kulikuwa na FORD-Kenya na FORD-Asili, na tarehe 29 Desemba 1992 Rais Moi alishinda kwa takriban asilimia 36 ya kura. Waliompinga walikuwa wengi kuliko waliomuunga mkono, lakini walikuwa wamegawanyika mafungu mafungu.

Hatusemi kwamba utaratibu mzuri ungemaliza tamaa za wanasiasa. Tunasema kwamba palipokosekana utaratibu wa kuaminika, tamaa ilipata kisingizio cha heshima. Jambo hilo lilirudiwa Thika mwaka 1996, pale wajumbe wa FORD-Kenya walipokwenda kuchagua viongozi na mkutano ukaishia katika ghasia. Wafuasi wa Raila Odinga na wa Michael Wamalwa walirudi makwao kila upande ukidai ushindi. Chama kikagawanyika tena.

Hapa kwetu jambo hili halikuwa hadithi ya mbali. George Anyona wa Kitutu Masaba, aliyefungwa kwa kudai uhuru wa kisiasa, hakuona nyumba ya kumtosha katika vyama hivyo vikubwa. Aligombea urais mwaka 1992 kwa chama kidogo cha Kenya Social Congress. Alipata kura chache sana nchini kwa urais, ingawa watu wake walimpeleka Bungeni.

Siku ambayo kura haikupigwa

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe linalowagusa watu wa Gusii. Mwaka 2002 Simeon Nyachae, aliyekuwa amejiuzulu uwaziri mwaka 1999 na baadaye kuingia Ford-People, alikuwa mmoja wa waliotaka kuongoza upinzani ulioungana. Msimamo wake ulikuwa kwamba mgombea mmoja apatikane kwa kura. Tarehe 14 Oktoba 2002 katika bustani ya Uhuru, Raila Odinga alisimama jukwaani na kutangaza kwamba Kibaki anatosha. Umati ulishangilia. Hapakuwa na sanduku, hapakuwa na karatasi, hapakuwa na hesabu. Siku hiyo hiyo huko Kasarani, wajumbe wa KANU walikuwa wakimpitisha Uhuru Kenyatta kwa mtindo usio na tofauti kubwa, yaani kwa kelele za kukubali badala ya kura ya siri.

Nyachae hakuukubali utaratibu huo. Alikwenda zake na Ford-People, akawa wa tatu katika uchaguzi wa Desemba, nasi tukampa kura zetu kwa wingi pamoja na viti vingi vya Bunge vya Gusii. Mwai Kibaki alishinda kwa kishindo, na nchi ikasherehekea kuondoka kwa KANU. Nasi pia tulisherehekea.

Lakini tuseme ukweli unaochoma. Matokeo yakiwa matamu, ni rahisi kusahau kuuliza yalipikwaje. Pengine Kibaki angeshinda kura hiyo ya upinzani hata kama ingepigwa. Hakuna ajuaye, na hiyo ndiyo hasara yenyewe. Mtu aliyeshindwa kwa kura iliyohesabiwa mbele yake anaweza kuinamisha kichwa bila aibu, akamuunga mkono mwenzake. Mtu aliyeshindwa kwa kelele za umati hana cha kuwaonyesha watu wake nyumbani ili kuwatuliza. Huondoka na kidonda, na watu wake huondoka naye. Hivyo ndivyo Gusii ilivyojikuta nje ya muungano ulioiongoza nchi.

Na kwamba jambo hili linawezekana, tulishaona. Tarehe 1 Septemba 2007 huko Kasarani, wajumbe wa ODM walipiga kura. Raila Odinga alipata kura 2,656, Musalia Mudavadi 391, na William Ruto 368. Walioshindwa walikubali, na Mudavadi akawa mgombea mwenza. Siku moja kabla yake, ODM-Kenya nayo ilikuwa imemchagua Kalonzo Musyoka dhidi ya Julia Ojiambo kwa kura za wajumbe. Tunaweza kubishana juu ya namna wajumbe hao walivyopatikana vijijini, na tuna mengi ya kusema hapo. Lakini tarakimu zilikuwapo, na penye tarakimu pana mahali pa kuanzia ubishi na mahali pa kuumalizia.

Uongo wa hesabu hauna mpaka

Miezi minne baadaye taifa zima lilijifunza kwa damu bei ya hesabu isiyoaminika. Kura za urais za Desemba 2007 zilipofika Nairobi, majumuisho yaligeuka kuwa kitendawili. Zaidi ya watu 1,100 walikufa na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Mpaka wa Borabu na Sotik uliwaka moto. Nyumba zilichomwa, na makanisa yetu yakawapokea waliokimbia na magodoro yao vichwani. Tume ya Jaji Kriegler ilipochunguza mwaka 2008, ilikuta kwamba hesabu zilikuwa zimeharibika kiasi cha kutoweza kujulikana nani hasa alishinda.

Kutokana na machungu hayo na yale yaliyotangulia, sheria yetu ya uchaguzi mkuu imejifunza. Zamani masanduku yalisafirishwa hadi ukumbi wa eneo bunge kabla ya kufunguliwa, na njiani ndiko kura zilikofia. Tangu uchaguzi wa 2002 kura huhesabiwa palepale kituoni zilipopigwa. Katiba ya 2010, kifungu cha 86, inataka upigaji kura uwe rahisi, sahihi, wenye kuthibitika, salama na wa wazi, na kura zihesabiwe na kutangazwa kituoni. Mwezi wa Juni 2017, Mahakama ya Rufani iliamua katika kesi ya Maina Kiai kwamba matokeo ya urais yaliyotangazwa katika eneo bunge ni ya mwisho, wala mtu wa Nairobi hana ruhusa ya kuyabadili. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa urais kwa sababu ya kasoro katika utaratibu na katika namna matokeo yalivyopelekwa.

Basi tunauliza vyama vyetu swali moja. Mliokwenda mahakamani kudai kwamba hesabu ya kituoni ni takatifu, mbona ndani ya nyumba zenu hesabu hiyo haina hata heshima? Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Mnawadai makamishna fomu zenye sahihi, lakini mchujo wenu huishia kwenye vyeti vinavyotolewa usiku hotelini. Mnapinga sajili ya wapiga kura yenye mashaka, lakini sajili ya wanachama wenu hatujawahi kuiona ikibandikwa ukutani. Kifungu cha 91 cha Katiba kinavitaka vyama viendeshe demokrasia ndani yake kwa chaguzi za mara kwa mara zilizo huru na za haki. Kifungu hicho hakikuandikwa ili kupamba kurasa.

Visingizio vitatu

Husemwa kwanza kwamba uchaguzi ni gharama. Tunajibu kwamba chama chenye fedha za helikopta hakiwezi kukosa fedha za karatasi na kalamu. Kuhesabu kura kituoni hakugharimu chochote zaidi ya taa na uvumilivu.

Husemwa pili kwamba ushindani huvunja umoja, na maafikiano ndiyo njia yetu ya Kiafrika. Wazee wa Gusii walipokaa kuamua jambo, kila mmoja alisema neno lake mbele ya wenzake, na uamuzi ulitangazwa mbele ya waliousikia ukijengwa. Wanayoyaita maafikiano leo ni watu watano kukutana usiku na sisi wengine kusikia asubuhi. Sheria ya vyama iliyorekebishwa Januari 2022 inaruhusu mchujo wa wanachama wote, na pia ule wa wajumbe. Hatuna ugomvi na wajumbe. Tuna ugomvi na mjumbe asiyejulikana nani alimchagua, anayepanda basi kwenda Nairobi kuinua mkono, kisha hurudi na fulana.

Husemwa tatu, tena kwa sauti ya chini hapa kwetu, kwamba bora mtu wetu apite, utaratibu tutautazama baadaye. Huu ndio ugonjwa wetu wenyewe, na hatutauficha, kwa maana mficha uchi hazai. Mara ngapi tumelia juu ya wizi pale tu tulipoibiwa? Mara ngapi tumenyamaza pale tulipopata? Wakala aliyeuza sahihi yake hakutoka mbali. Ni kijana wetu, tunakula naye harusini. Kijana aliyetupa sanduku mtoni tunamjua jina la baba yake. Na baadhi ya madhabahu zetu zimepokea harambee ya Jumapili kutoka kwa mtu yule yule aliyenunua cheti Alhamisi, tukampa na kiti cha mbele. Tukitaka hesabu safi kwa wengine, na tuanze na zetu.

Ndugu Wakristo, neno hili "kura" tulilikuta katika Maandiko kabla ya kulisikia kwa wanasiasa. Katika mlango wa kwanza wa Matendo ya Mitume, ndugu wapatao 120 walikusanyika mahali pamoja kuijaza nafasi ya Yuda. Majina mawili yaliwekwa mbele ya wote, wakaomba, kura zikapigwa, na Mathiya akahesabiwa pamoja na wale kumi na mmoja. Hatusomi kwamba Petro aliondoka na kura hizo usiku. Na Mithali haimwonei haya mfanyabiashara wa mizani ya hila. Sadaka zetu huhesabiwa na watu zaidi ya mmoja, na kiasi chake husomwa hadharani. Kwa nini tuwe waangalifu kwa shilingi na wazembe kwa utawala?

Tunachodai

Kwa hiyo tunavidai vyama vyote vinavyotaka kura zetu za Kisii na Nyamira mambo haya, kuanzia mchujo wa mwakilishi wa wadi hadi wa urais. Sajili ya wanachama ibandikwe kituoni siku za kutosha kabla ya kura, ili aliyeandikishwa bila kujua ajitoe na aliyeachwa adai. Wajumbe wa mkutano wa taifa wachaguliwe kwa kura ya siri, na majina yao yasomwe wadi kwa wadi kabla hawajapanda basi. Kura zihesabiwe mahali zilipopigwa, mbele ya mawakala wa wagombea wote. Matokeo yaandikwe kwenye fomu yenye sahihi zao, nakala moja ibandikwe mlangoni na kila wakala apewe yake. Majumuisho yafanywe hadharani, fomu kwa fomu, ili mwenye nakala aweze kusema hapana. Na mizozo isikilizwe na kuamuliwa kabla ya cheti kutolewa, wala si baada ya mshindi kuapishwa kwa ngoma.

Tunaongeza moja ambalo wakubwa wa Nairobi hulisahau. Katika Gusii Waadventista ni wengi, na siku yao ya ibada ni Jumamosi. Mkutano wa Kasarani wa 2007, ambao tumeusifu kwa hesabu zake, ulikuwa Jumamosi. Anayeweka kura siku ya Sabato amekwisha kuzipunguza kura za Nyamira na Kisii kabla ya sanduku kufunguliwa. Kuna siku nyingine sita, chagueni mojawapo.

Nanyi wasomaji, msisubiri chama kiwe chema kwa hiari yake. Kila parokia na kila kanisa la mtaa litoe watu wawili waaminifu wanaojua kusoma na kujumlisha. Wasivae rangi ya mgombea yeyote. Wakae kituoni mpaka kura ya mwisho ihesabiwe, waandike tarakimu, wazipige picha, na wazilinganishe na zitakazotangazwa. Wakiona tofauti, wasirushe jiwe. Watoe karatasi, waipeleke kwa Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Kisiasa, na waisome kanisani. Jiwe humpa mwizi nafasi ya kuita polisi, lakini karatasi yenye sahihi humnyima pa kujificha.

Na siku ambayo hesabu itaonyesha kwamba mtu wetu ameshindwa, tusimame tukubali. Hiyo ndiyo siku tutakayojua kama tulikuwa tukipigania haki au tulikuwa tukipigania zamu yetu ya kula.

Lori la chai haliondoki kituoni kabla mama hajapata risiti yake. Sanduku la kura nalo lisiondoke.